Bustani ya Mayi Esnati

Nyambura mwanangu,

Kuna mlio ambao sijaweza kuutoa kichwani tangu mvua za mwaka jana zilipoanza. Ni mlio wa jembe likigonga saruji. Aliyelishika alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, na alikuwa analima bustani yake kama alivyoilima kila msimu, mstari baada ya mstari, mpaka akafika ukingo wa jengo tulilokuwa tumekwenda kulizindua. Aligonga mara moja. Akangoja kidogo kama mtu anayebisha mlangoni, kisha akagonga tena. Nilikuwa nimesimama karibu naye, karatasi ya hotuba mkononi, na nilijua kabla hajainua uso kwamba kosa lilikuwa langu.

Habari hiyo sijawahi kukueleza. Uliponiuliza safari ya Malawi ilikuwaje nilisema ilikuwa nzuri, nikakupa kitenge nilichokuletea, ukafurahi, tukaacha hapo. Leo ni Jumapili, umeenda Kahawa Sukari kusukwa nywele, na kwa jinsi ulivyochagua rasta nyembamba najua utakaa huko mpaka jioni. Kesho wakati kama huu utakuwa uwanja wa ndege. Naandika sasa, kungali mchana, kwa sababu nikijaribu kukwambia kwa mdomo nitalia, nawe utaanza kunibembeleza, na mazungumzo yetu siku zote huishia hapo. Barua hii nitaiweka ndani ya bahasha ya vyeti vyako. Utaiona ukishafika Ujerumani.

Sitakuandikia habari za koti na soksi. Shosho yako, mama yangu, ameshakueleza yote hayo, na najua amekufungia majani chai hata baada ya kuambiwa kwamba huko chai ipo. "Chai ya huko ni ya kuonyeshwa maji tu," alisema. Mchukulie. Mimi nina mambo mengine, na yote yananihusu mimi zaidi kuliko wewe.

Nianze na mkono wako wa kushoto. Nimekusimulia mara nyingi jinsi ulivyoungua: tulikuwa tunaishi Makongeni, mimi nilikuwa kibarua kiwandani nikichambua njugu za makadamia, Mama Akinyi jirani yetu ndiye aliyekuwa akikuangalia, akatoka kidogo kuteka maji, ukavuta sufuria ya uji. Nami nilipopata habari nikaja mbio. Hiyo sehemu ya mwisho si kweli. Habari nilizipata saa nne asubuhi. Nilitoka kiwandani saa nane.

Mlinzi wa lango ndiye aliyeleta ujumbe. Nilivua aproni, nikaenda kwa msimamizi wa zamu, akanisikiliza vizuri tu, hata akanipa pole. Kisha akasema, "Nenda. Lakini kesho usijisumbue kuja. Unaona wale walio nje." Niliwaona. Kila asubuhi kulikuwa na wanawake nje ya lango wakingoja mmoja wetu akosekane. Nilivaa tena aproni, nikarudi kwenye meza. Nilichambua makadamia kwa saa nne, nzima huku, zilizovunjika kule, nikijua kwamba umeungua na nisijue umeungua kiasi gani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, umri ulio nao sasa. Nilipofika hospitalini nilimkuta Mama Akinyi amekupakata, mkono wako umefungwa bandeji, na yeye bado ana matope miguuni.

"Mtoto ako sawa," aliniambia. "Wewe ndiye hauko sawa. Kaa chini."

Hakuniuliza kwa nini nilichelewa. Mpaka leo hajaniuliza, na tukikutana hunishika mkono na kuuliza habari zako. Nafikiri alijua, maana hata yeye mumewe alikuwa kibarua kiwanda cha pili. Kila nilichofanya baadaye nilikifanya nikizikimbia saa nne zile: kurudi kufanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa mama, masomo ya jioni, shahada, kupanda kutoka ile meza mpaka ofisi ya ghorofani katika kampuni ileile. Watu waliniita mwenye bidii. Hawakujua kwamba nilikuwa nakimbia, na anayekimbia namna ile haangalii anakanyaga wapi.

Kampuni ilipoamua kufungua kiwanda kusini mwa Malawi, mkurugenzi wetu Mzee Kariuki aliniita. Alitaka niandike mkakati wa wajibu wetu kwa jamii ya huko, ile kazi ambayo ofisini sote tunaiita CSR. Tuingie vipi katika nchi ya watu, tuwafanyie nini, tuseme nini, tupimwe kwa lipi.

"Wewe ulianzia chini," alisema. "Hakuna mtu atakayekudanganya kuhusu maisha ya kibarua."

Niliuandika kwa wiki tano, hapa Thika, dirisha langu likitazama lango lilelile. Ukurasa wa kwanza kabisa niliweka kituo cha kulelea watoto wa vibarua, karibu na kiwanda, chenye mlezi, uji na mahali pa kulala. Sikumuuliza mtu wa huko anataka nini. Nilijua. Kituo kile nilikijenga kwa ajili yako, Nyambura, kwa ajili ya mtoto aliyekuwa peke yake na sufuria, na sikuona kwamba ninajenga katika uwanja wa mtu ambaye hakuwapo siku ile Makongeni.

Ardhi ilihitajika. Nilichukua fomu tuliyoitumia kijijini kwetu Gatuanyaga kampuni ilipochimba kisima. Juu ilikuwa na mahali pa mwenye ardhi, yaani mume, na chini mahali pa mke, kama shahidi. Mstari huo wa mke niliuongeza mimi, na niliupigania. Kwetu kuna wanawake walioamka wakakuta shamba limeuzwa na hakuna aliyewauliza, kwa hiyo nilijiona jasiri. Nilibadilisha jina la nchi pale juu, nikaituma.

Chikondi ndiye aliyeipokea. Ni msichana wa kwao tuliyemwajiri awe kiungo kati yetu na vijiji, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Tulizungumza naye kwa video, sisi tukiwa wanne kwenye meza ya mkutano, yeye peke yake kwenye skrini.

"Madam, hapa mmeandika mume ndiye mwenye ardhi."

"Ndiyo," nikasema. "Na mke anatia sahihi pia. Tumehakikisha."

"Nimeona. Lakini huku..." Alitafuta maneno. "Huku ardhi iko upande wa mama. Labda tungekaa na wajomba kwanza."

Mzee Kariuki akauliza kukaa na wajomba huchukua siku ngapi.

"Inategemea wajomba," Chikondi akasema, na chumba kizima kikacheka.

Mimi pia nilicheka. Nikasema, "Wajomba waje siku ya uzinduzi, tutawapikia." Naye akacheka kule kwenye skrini, kwa adabu, kwa sababu mimi nilikuwa mkubwa wake. Kicheko kile nilikichukua kuwa ni kukubali. Mwanangu, nimekuwa upande ule wa skrini maisha yangu mengi. Nimecheka hivyo mbele ya wasimamizi, wahadhiri, hata mbele ya baba yangu, guka yako. Ningekitambua popote. Siku ile sikutaka kukitambua.

Basi rudi nami kwenye ile bustani. Jengo lilikuwa limepakwa rangi ya manjano, lina baraza la saruji na bembea mbili. Viti vilikuwa vimepangwa, chifu alikuwa amekaa, na yule mama akaja na jembe lake akaanza kulima nyuma ya wageni kana kwamba hatupo. Alikuwa Mayi Esnati. Mayi ni mama, ndivyo wanavyomheshimu mwanamke mzima. Mumewe, Laston, alikuwa amesimama karibu na mlango mpya akiwa ameshika kofia.

Nilimwomba Chikondi anitafsirie. Nilimwambia Mayi Esnati pole, nikamwuliza kama hakuelezwa kwamba mumewe alikuwa ametoa ardhi. Hakunitazama. Alimjibu Chikondi.

"Mwambie mgeni wako, huyu mume wangu alikuja hapa na blanketi na panga. Kama mnataka blanketi, ana haki ya kuwapa."

Wanawake waliokuwa nyuma yake walicheka sana. Hicho hakikuwa kicheko cha adabu.

"Waliniuliza kama nakubali watoto wajengewe," Laston akasema. "Nani angekataa?"

"Na kidole changu mlikichukua cha nini?"

"Wewe uliweka pa shahidi."

"Shahidi wa nini?"

Kumbe Mayi Esnati aliambiwa habari za watoto, akafurahi, akaweka dole gumba mahali alipoonyeshwa. Hakuna aliyemwambia jengo litakaa wapi. Kisha mtoto wake wa mwisho akaugua, wakalazwa wiki kadhaa mjini, na aliporudi alikuta kuta zimemfika kifuani. Chikondi alinieleza mengine pale pale, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mtoto. Katika sehemu ile mwanamume akioa huhamia kwao mwanamke. Ardhi hutoka kwa mama kwenda kwa mabinti, na ndugu wa kiume wa mama huilinda tu. Mume hulima kama mgeni aliyekaribishwa. Bustani ile ilikuwa ya bibi yake Mayi Esnati, kisha ya mama yake, kisha yake, na kesho ingekuwa ya binti zake wanne.

Hapo ndipo aliponitazama.

"Wewe una binti?" aliuliza, na Chikondi akatafsiri.

"Ninaye mmoja."

"Yeye atalima wapi?"

Nilisimama mbele ya chifu na wageni na wanawake wale, mimi niliyekwenda kuwafundisha watu wajibu, nikakosa hata la kudanganya.

Huenda unakumbuka siku guka yako alipogawa shamba la Gatuanyaga. Ulikuwa darasa la sita. Ulikuwa unakimbiza mbuzi na watoto wa wajomba zako, vumbi mpaka kwenye nyusi. Sisi tulikuwa ndani. Mjomba wako Mwangi alipewa upande wa barabara, Ndung'u upande wa kisima. Kisha guka akasukuma karatasi kwangu. Akaniita kwa jina langu la utotoni: "Ciru, weka sahihi hapo. Ni ya kuonyesha tu kwamba hakuna maneno nyumbani." Karatasi ilisema kwamba mimi, binti yake, nimeshuhudia na sina dai lolote. Nilikuwa na shahada wakati huo. Ningeweza kusema, na sheria ya nchi ingekuwa upande wangu. Guka hakunilazimisha, wala ndugu zangu hawakunikodolea macho. Kila mtu alikuwa mpole. Nilitia sahihi, nikaenda jikoni kumsaidia shosho yako kupakua mukimo, naye akanipa sahani bila kuniangalia.

Kwa hiyo nilijua maana ya mstari wa shahidi. Nilikuwa nimeuweka moyoni, na miaka baadaye nikauchapa kwenye kompyuta, nikauita haki, nikaupeleka kwa mwanamke wa nchi nyingine ambaye maisha yake yote hakuwahi kuuhitaji.

Nakufikiria wewe na wale wazee wa Ujerumani unaokwenda kujifunza kuwauguza. Najua huruma yako. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukimwinua mtoto aliyeanguka kabla hajajua kama ameanguka. Huko utaingia chumbani kwa mzee fulani na utaona mara moja anachohitaji, kwa sababu guka yako alihitaji hicho hicho alipopooza, nawe ndiwe uliyemgeuza kitandani kila siku. Labda utakuwa sawa. Labda yule mzee anataka dirisha lililofungwa liachwe limefungwa. Sijui nikushauri nini hapo. Mimi nilikuwa na uchungu wa kweli na nia ya kweli, na Chikondi aliniambia kwa maneno ya wazi, na bado nilikosea.

Baada ya uzinduzi wajomba waliketi, wale wajomba niliosema tutawapikia. Walimwambia Laston kwamba mgeni anayetoa ardhi ya wenyeji hawezi kuendelea kukaribishwa. Akarudi kwao. Walikuwa wameishi pamoja tangu ujana wao. Chikondi aliniambia kwenye simu kwamba Mayi Esnati hakuwaomba wambakize, lakini alimsindikiza mpaka barabarani, na tangu hapo halimi. Sehemu iliyobaki ya bustani imeota magugu. Anasema halimi ua wa kampuni.

Na kituo kinafanya kazi. Hilo pia lazima nikwambie, kwa kuwa ndilo linalonisumbua zaidi. Watoto wa vibarua wako mle kila siku, wanakunywa uji, wanalala kwenye mikeka, na hakuna mama anayechambua makadamia akiwa na habari mbaya moyoni. Nimeona picha zao. Nilipoziona nilifurahi, kisha nikajichukia kwa kufurahi, na sijui mpaka leo lipi kati ya hayo mawili lilikuwa kosa.

Niliporudi Thika nilimweleza Mzee Kariuki yote. Alisikitika. Usimfikirie vibaya. Ndiye aliyekaa mahali pa baba siku ya mahafali yangu, guka yako alipobaki nyumbani na ng'ombe mgonjwa, na alipiga makofi mpaka nikaona haya. Alisema tutatafuta njia. Miezi ikapita. Nilimkumbusha, akasema tutatafuta njia. Kisha mwezi uliopita akaniita tena.

"Tunaingia Msumbiji," alisema. "Washirika wetu wameupenda mkakati wako wa Malawi. Wanautaka hivyo hivyo ulivyo. Kitu kimoja tu, wanataka ripoti iseme ardhi ilitolewa kwa hiari ya familia."

"Si kweli."

"Kwenye karatasi ni kweli. Mume ametia sahihi, mke ameshuhudia. Fomu ni yako, Wanjiru."

"Ndiyo maana nasema si kweli."

Alivua miwani akasugua macho. "Ni sentensi moja. Uiandike, upewe idara nzima, halafu ukiwa na idara utarekebisha hayo ya Malawi. Utamsaidia yule mama ukiwa wapi, ndani au nje?"

Nilikwenda nayo nyumbani sentensi hiyo. Niliiandika, Nyambura. Uwe na hakika na hilo, usije ukanipa sifa nisiyostahili. Niliiandika Jumatatu jioni pale mezani huku wewe ukirudia maneno yako ya Kijerumani, na ilikuwa sentensi nzuri. Nilifikiria mwaka wako wa kwanza huko, jinsi utakavyohitaji kujua kwamba mama yako yuko mahali fulani, ana kazi, ana nyumba yenye chumba chako. Ukainua kichwa ukaniuliza, "Mami, mbona umenyamaza?" Nikasema ni kazi tu. Usiku nililala nikihisi kana kwamba nimeivaa tena aproni ile ya zamani.

Haya sasa ndiyo niliyofanya. Nimekuficha kwa makusudi, kwa sababu ningekwambia mapema ungeahirisha safari ili ukae nami, na safari hii si yangu kuiharibu.

Jumanne nilifuta sentensi ile, nikaenda kwa wakili pale mjini Thika, nikaapa maelezo ya kurasa tatu. Nimesema kwamba fomu niliiandika mimi. Nimesema kwamba niliambiwa kuhusu wajomba na nikacheka. Nimesema kwamba Laston hakuwa na ardhi ya kutoa na alidhani anaulizwa kuhusu watoto, kwamba Mayi Esnati hakuonyeshwa mahali pa jengo, na kwamba kwa hiyo ridhaa ile si ridhaa. Nakala nilimwekea Mzee Kariuki mezani kwake. Karatasi yenyewe niliituma Malawi kwa Chikondi, awapelekee wajomba, waitumie watakavyo, hata kama ni kuvunja kile kituo.

Ijumaa nilirudisha kompyuta na kitambulisho cha kazi. Mzee Kariuki alinikuta kwenye ngazi.

"Ungeniambia kwanza," alisema.

"Nilikwambia mara nne, Mzee."

"Ungeniambia mara ya tano." Akanipa mkono, akaushika kwa muda mrefu, na nilipomtazama alikuwa anatazama ukuta.

Nyumba hii ya Ruiru nimempa mwenyewe taarifa kwamba nahama. Chumba chako nitakiacha kama kilivyo mpaka siku ya mwisho, kisha nitafunga vitu vyako kwenye masanduku na kuvipeleka Gatuanyaga kwa shosho. Mjomba wako Mwangi amesema nikae tu, ni kwetu. Nimemshukuru. Nitakaa kama mgeni aliyekaribishwa, mpaka nipate kazi nyingine.

Jana asubuhi, ulipokuwa unapima uzito wa begi, Chikondi alinitumia ujumbe. Karatasi imefika. Aliisoma kwa sauti mbele ya wajomba, na Mayi Esnati alikuwepo. Laston hawajamwita arudi. Mjomba mkubwa aliikunja akaitia mfukoni, wakanyanyuka wakaenda zao, na watakachofanya nayo sijui.

Mama yako,
Wanjiru